Vyuo vya kwenda kuviona na kijana wako kabla ya kuomba: mwongozo kwa mzazi wa Kigoma mwenye nauli ya kuhesabu

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wanaokuja kujaziwa maombi hapa Mwanga, Kigoma mjini, huuliza maswali yaleyale. Twende tukavione vyuo vipi? Tuanzie wapi? Hivi ni lazima tufike Dar? Ikifika Julai, wazazi wa kidato cha sita nao huuliza hivyohivyo. Nimeyaweka majibu pamoja kwa ajili ya mtu anayeishi Kigoma mjini, Ujiji, Uvinza au Kasulu, ambaye pesa ya kusafiri inatoka kwenye mfuko uleule unaosubiriwa na ada.

Ninachosisitiza ni hiki: nauli itumike kwa maswali ambayo simu haiwezi kuyajibu. Usajili wa chuo, sifa za kujiunga, ada na michango, vyote unavijua ukiwa umekaa barazani kwako. Maji ya bwenini, maabara inayotumika, mkufunzi anayeingia darasani, hivyo mpaka ufike. Ukivitenganisha hivi viwili, orodha ya vyuo kumi itashuka yenyewe hadi viwili au vitatu kabla hujafika dirisha la tiketi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Matokeo ya kijana yaliyochapishwa, somo kwa somo. Daraja pekee halitoshi. Kama hayajatoka, tumia ya moko, ila usisafiri mbali kwa matokeo ya moko.
- Miongozo ya udahili ya mwaka huu: wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa vyuo vya kati (vya cheti na stashahada), na wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa vyuo vikuu. Yote inapatikana bure kwenye tovuti zao. Ukishindwa kuipakua, nenda steshenari yoyote na uombe wakuchapie kurasa za kozi unazozitaka tu, usilipie kitabu kizima.
- Daftari moja la kurasa nyingi, si vipande vya karatasi.
- Simu yenye salio la kupiga. Vyuo vingi hujibu simu haraka kuliko barua pepe.
- Kiasi cha pesa ya safari ambacho umeshakitaja kwa mdomo mbele ya mwenzako na mbele ya kijana.
- Kijana mwenyewe, tangu hatua ya kwanza. Wazazi wengi humaliza kupanga ndipo wamwite mtoto kubeba begi, kisha wanashangaa ameondoka chuoni muhula wa kwanza.

Hatua ya 1: Tenganisha pesa ya safari na pesa ya masomo

Kaa na kijana, uandike kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni pesa ya kuzunguka kuona vyuo. Wa pili ni pesa unayoweza kulipa kila mwaka kwa miaka yote ya kozi. Stashahada kwa aliyetoka kidato cha nne kwa kawaida ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 kwa hesabu za NACTVET. Chuo utakachoweza kulipa mwaka wa kwanza tu usikiweke hata kwenye orodha.

Kwenye ukurasa wa safari kuna hesabu ambayo watu huisahau. Nauli unayoisikia ikitangazwa pale stendi ya Masanga ni ya mtu mmoja, kwenda tu. Mkiwa wawili, kwenda na kurudi, ni mara nne. Tuseme basi ni shilingi 30,000: tayari 120,000 imeondoka, na hamjala, hamjalala, hamjapanda bodaboda. Andika namba hiyo kamili kwa kila mji unaoufikiria. Ukishaziona zimepangwa, mabishano mengi ya nyumbani huisha.

Kwenye ukurasa wa masomo ongeza nauli za likizo. Chuo cha mbali kina ada moja na safari kadhaa kila mwaka, na hizo safari hutaziona kwenye fomu yoyote.

Hatua ya 2: Jua kijana anastahili kuomba nini

Hapa ndipo orodha inapokatwa kwa haki. Kwa kidato cha nne, alama za ufaulu ni A hadi D. D inaanzia 30. Kozi nyingi za vyuo vya kati zinataka angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini. Uuguzi na utabibu vinataka ndani ya hizo nne ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa hiyo binti mwenye B ya Kiswahili, C ya Baiolojia, D ya Kemia na F ya Fizikia, hata akiwa na daraja zuri, uuguzi kwa sasa hauombi. Kumpeleka akaone wodi na sare nyeupe za chuo cha uuguzi cha Kabanga, Kasulu, ni kumtia uchungu bure. Mwambie ukweli nyumbani, zungumzeni kama atarisiti Fizikia au ataangalia kozi nyingine, ndipo mpange safari.

Kwa kidato cha sita, shahada kwa kawaida inaanzia ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini. Kozi zenye ushindani hupandisha, na nyingine hutaja somo kwa jina. Soma mstari wa kozi yenyewe katika mwongozo wa TCU.

Ualimu uusome kwa makini zaidi, kwa kuwa sifa zake zimebadilika mara kadhaa. Alichokuambia mwalimu aliyesoma zamani kinaweza kuwa kweli kwake na kisiwe kweli kwa mwanao.

Jambo moja la kumtuliza mzazi wa kidato cha nne: chuo cha kati hakimfungii mtoto njia ya chuo kikuu. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaweza kuomba shahada inayoendana na alichosomea. Nalisema kwa kuwa nimeona wazazi wakiuza ng'ombe kumpeleka mtoto shule ya binafsi ya kidato cha tano wakati mtoto mwenyewe anataka ufundi.

Na kama kijana bado anasubiri uchaguzi wa TAMISEMI wa kidato cha tano na vyuo, vyuo vya mjini kwenu mnaweza kuviona sasa. Vya mbali vingojee majina yatoke.

Hatua ya 3: Andikeni orodha mbili, kila mtu yake

Mzazi aandike vyuo vitano bila kumuonyesha mtoto. Mtoto naye vitano. Kisha mlinganishe. Vinavyofanana viwekeni alama. Visivyofanana, kila mmoja aeleze sababu kwa sentensi moja. "Rafiki yangu anaenda huko" ni sababu. Iandikeni, msiicheke, mtaipima baadaye pamoja na nyingine. Hatua hii ni fupi, ila msiiruke.

Hatua ya 4: Kagua usajili, wa chuo na wa kozi

Chuo cha kati kikaguliwe NACTVET, chuo kikuu TCU. Usiishie kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na ikawepo kozi moja kinayoitangaza ambayo haijaidhinishwa. Tafuta jina la chuo, halafu jina la kozi, halafu ngazi yake, halafu kampasi. Chuo chenye kampasi nne si lazima kiwe na kozi zilezile kote.

Onyo: bango barabarani, kipindi cha redioni na kijana nadhifu mwenye fulana ya chuo si usajili. Kuna watu hulipwa kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Sisemi wote ni wabaya, ila mtu huyo hatakwambia kuwa chuo cha jirani ni nafuu. Msikilize, chukua kipeperushi, rudi nyumbani ukague mwenyewe.

Hatua ya 5: Piga simu uulize gharama zote kwa mpangilio mmoja

Uliza kila chuo maswali yaleyale ili majibu yalinganishike. Mpe kijana simu aulize yeye, wewe usikilize. Ni mazoezi mazuri, na wakufunzi hupenda kusikia sauti ya mwanafunzi.

Uliza ada ya mwaka ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu ngapi. Uliza michango mingine yote kwa jina lake: mitihani, kitambulisho, bima ya afya, sare, vifaa, serikali ya wanafunzi, pesa ya tahadhari (ya kufidia uharibifu). Hosteli ipo? Ni ya chuo au ya mtu binafsi? Chakula kimo ndani ya ada? Halafu swali ambalo wengi hawaliulizi: fildi inafanyikia wapi, na nani anagharamia? Katika kozi za afya, ardhi, kilimo na uvuvi, mafunzo kwa vitendo ni sehemu kubwa, na mwanafunzi anaweza kupangiwa wilaya nyingine akajitegemea chumba na chakula. Mzazi asiyejua hilo hupigiwa simu ya kuombwa pesa katikati ya msimu wa kupanda.

Mwombe msajili akutumie fomu ya kujiunga ya mwaka uliopita kwa WhatsApp. Ina kila kitu mpaka idadi ya mashuka. Vyuo makini hutuma bila shida.

Vyuo vya serikali hulipwa kwa kontroli namba, na chuo chochote kiwe na akaunti ya benki yenye jina la chuo. Mtu akikutajia namba yake ya simu ili "akushikie nafasi", kata simu hapohapo.

Ulizia pia mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo, HESLB, inapokea pia waombaji wa stashahada katika baadhi ya fani za kipaumbele, zikiwemo za afya na ualimu wa sayansi na hisabati. Si kila kozi imo na si kila mwombaji hupata, kwa hiyo bajeti yako isiuegemee. Ila kati ya vyuo viwili vinavyolingana, chenye kozi iliyomo kwenye orodha ya mkopo kinapanda.

Hatua ya 6: Kata orodha

Chukua kalamu. Futa chuo ambacho kijana hana sifa zake. Futa ambacho kozi yake haikuonekana kwenye usajili. Futa ambacho gharama zake zote, pamoja na nauli na fildi, zinazidi ukurasa wako wa pili.

Kwa vilivyobaki jiulize: nikikiona hiki, ninaweza kubadili mawazo? Kama kuna chuo ambacho mtoto akipata nafasi ataenda tu, hata vitanda vikiwa vibovu, hicho usikitembelee. Omba, subiri. Na kile ambacho hata kikiwa kizuri namna gani hamtapeleka maombi huko, nacho usikitembelee. Nauli ni ya vile vya katikati, ambavyo mnavisitasitia. Mara nyingi hubaki viwili, vitatu.

Hatua ya 7: Panga safari kwa njia, usipange kwa chuo

Mzazi wa Kigoma ana bahati ambayo haisemwi sana: vyuo vya kuanzia viko karibu, na vingine vimejikusanya mji mmoja. Anza na vya bei ya daladala, umalizie na vya bei ya basi.

*Kigoma mjini.* Nauli ya hapa ni ndogo, kwa hiyo nendeni hata kwenye chuo ambacho hamkifikirii sana, kwa ajili ya kujifunza kutazama. Kuna VETA kwa ufundi, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, TIA, na kuna kampasi ya wakala wa elimu ya uvuvi, FETA. Mtoto aliyezaliwa Katonga au Kibirizi akiwaona vijana wenzake wakisomea samaki kama taaluma, hubadilika sura. VETA nawaambia wazazi wasiidharau: ada ya kozi ndefu katika vyuo vyake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ila kalenda yake ni tofauti. Masomo huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayeamka Februari baada ya matokeo amechelewa.

*Kasulu.* Siku moja, kwenda na kurudi. Mjini na pembezoni mwake kuna vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, na pale hospitali ya Kabanga kuna chuo cha uuguzi. Ondokeni na gari la kwanza alfajiri, mwanzie Kabanga, mrudi mjini mchana. Bebeni chakula.

*Tabora.* Kwa nauli moja huu ndio mji unaokupa vyuo vingi, na kwa maoni yangu familia nyingi za Kigoma hazina haja ya kwenda mbali zaidi ya hapa kuangalia. Kuna Chuo cha Ardhi kwa wanaotaka upimaji na ramani. Kuna Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wazee bado wanakiita Uhazili, kwa mambo ya ofisi na utunzaji wa kumbukumbu. Kuna Chuo cha Nyuki, na mahali pake ni hapo hasa, maana misitu ya miombo imezunguka mkoa mzima. Kuna Chuo cha Ualimu, na chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA kilicho chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Nje kidogo ya mji, Tumbi, kuna chuo cha kilimo. Huwezi kuviona vyote kwa siku moja na wala usijaribu. Chagua viwili vilivyobaki kwenye orodha yako, kimoja asubuhi, kimoja baada ya saa sita. Cha tatu mpite tu nje, mtazame geti na mazingira.

Kwenda Tabora kuna basi la kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo, na kuna treni. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 400. Daraja la tatu la treni mara nyingi ndilo linaloponya mfuko, lakini treni haiondoki kila siku. Nenda stesheni ya Kigoma ukaulize siku za kwenda na, muhimu zaidi, siku za kurudi, kisha ndipo upige simu chuoni kuomba siku. Wengi hufanya kinyume: wanapanga na chuo kwanza, halafu wanakwama Tabora siku mbili wakilipia gesti wakingoja treni. Ulizia pia saa ya kufika. Kama ni usiku, gesti iwe imepigiwa simu kabla hamjaondoka.

*Mwanza, Dodoma, Dar, Arusha, Mbeya.* Ruhusu safari moja tu ya aina hii, na iwe kwa ajili ya kozi ambayo haipatikani kwenye orodha ya karibu. Kijana anayetaka uhandisi na amepania DIT (taasisi ya teknolojia ya Dar), Chuo cha Ufundi Arusha au MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya) ana hoja. Anayetaka uhasibu ngazi ya cheti ana TIA hapahapa. Kama mna ndugu katika mji huo, mpigie yeye kwanza. Shangazi anayeishi Mwanza anaweza kwenda SAUT au chuo cha uvuvi cha Nyegezi asubuhi moja akiwa na maswali yako na simu ya kupiga picha, na ukapata nusu ya ulichokitaka kwa gharama ya vocha na soda.

Hatua ya 8: Chagua siku ambayo chuo kinafanya kazi

Nendeni wakati wa masomo, katikati ya wiki. Likizo utaona majengo tu. Wiki ya mitihani hakuna atakayekusikiliza, na Ijumaa mchana ofisi nyingi zimelegea. Siku ya mahafali msiende kabisa: siku hiyo kila chuo kimepakwa rangi.

Piga simu siku tatu kabla, omba kuzungumza na msajili au mlezi wa wanafunzi, taja majina yenu na saa ya kufika. Andika jina la aliyekujibu. Getini jina hilo hufungua mlango kuliko maelezo marefu kwa mlinzi.

Hatua ya 9: Mkifika, angalieni vitu hivi

Ofisini msikae sana. Yale ya ofisini mlishayauliza kwa simu. Thibitisheni ada na michango kwa karatasi, shukuruni, ombeni kutembezwa.

Bwenini au hosteli, fungua bomba. Usiulize kama maji yapo, fungua. Kisha angalia ndoo: madumu yakiwa yamepangwa foleni nje ya mlango saa nne asubuhi, maji hayatoki kila siku, hata kama bomba limetoa leo. Tazama kitasa cha mlango wa chumba na taa ya njia ya kwenda chooni. Kwa binti hayo si mambo madogo. Kama hosteli ni ya nje ya chuo, tembeeni kwa miguu kutoka hosteli hadi darasani, na mmuulize msichana mmoja anayekaa hapo kama anarudi peke yake baada ya maandalio ya usiku.

Maabara au karakana, ombeni ifunguliwe. Hapa kijana atazame, wewe mzazi ukae kimya. Darubini zenye vumbi lililoganda juu ya mifuko yake ya plastiki zinasema zinafunguliwa siku ya wageni tu. Karakana yenye chenga za chuma sakafuni na ovaroli zenye mafuta imefanya kazi wiki hiyo. Chuo cha Ardhi mwulize mkufunzi mashine moja ya kupimia hutumiwa na wanafunzi wangapi kwa zamu. Chuo cha afya uliza wanafunzi wanaingia hospitali gani, na mwombe mmoja akuonyeshe kitabu chake cha mazoezi ya wodini. Kikiwa na sahihi za tarehe zinazofuatana, wanafundishwa. Sahihi zote zikiwa za wino mmoja na tarehe moja, mmeshaona.

Ubao wa matangazo usomeni wote. Ratiba ya vipindi, majina ya wanaodaiwa, matokeo ya muhula, tarehe za fildi, vyote viko pale na havikuandikwa kwa ajili yenu.

Mwishoni, tokeni nje ya geti mkale kwa mama ntilie anayeuzia wanafunzi. Mzazi akae meza nyingine, kijana akae na wanafunzi. Awaulize matatu: mwalimu akikosa kipindi nini hutokea? Muhula uliopita wangapi walikamatwa supu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni), na kwa somo gani? Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Majibu ya hapo ndiyo yaliyolipiwa nauli.

Kosa la kawaida: mzazi kuuliza kila kitu mwenyewe huku mtoto amesimama nyuma akichezea simu. Mkufunzi ataongea na mzazi, mwanafunzi atakaa kimya, na mtarudi nyumbani mmejua mnachokipenda ninyi wakubwa.

Hatua ya 10: Andikeni usiku huohuo

Kabla ya kulala, kila mmoja aandike upande wake wa daftari: kilichonipendeza, kilichonitia shaka, gharama kamili ya mwaka, na je, ningeweza kukaa hapa miaka mitatu. Msionyeshane mpaka wote mmalize. Chuo cha pili kikishaonekana, cha kwanza huanza kusahaulika, na mnaporudi Kigoma mtakumbuka chenye bustani nzuri.

Mkikwama

*Pesa ya Tabora haipo kabisa.* Vya Kigoma mjini na Kasulu fikeni wenyewe, vilivyobaki kwa simu na kwa mtu. Mwulizeni mkuu wa shule aliyosoma kijana awaunganishe na wanafunzi wake waliokwenda vyuo mnavyovitaka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetoka Kigoma atakwambia kweli, tena kwa Kiha kama ikibidi. Mwombe apige picha ya bwenini, maabara na ubao wa matangazo, si ya geti.

*Dirisha la maombi linafungwa na hatujaona hata kimoja.* Ombeni kwanza. Mfumo unaruhusu kuchagua zaidi ya chuo kimoja. Tembeleeni baada ya majibu, vile vilivyompokea tu, kabla ya kulipa ada. Kwa familia yenye pesa ya safari moja, mpango huu hata ni bora kuliko kuzunguka mapema. Na mkikosa muhula unaoanza Septemba na Oktoba, baadhi ya vyuo vya kati hupokea tena Machi.

*Kijana anang'ang'ania Dar.* Muulize kozi gani, kisha fungueni mwongozo pamoja mtafute kozi hiyohiyo Kigoma, Tabora na Mwanza. Ikiwepo, mwekee gharama za miaka mitatu za Dar na za karibu kwenye ukurasa mmoja, aone kwa macho yake. Isipokuwepo, anachosema ni kweli na safari yenu moja ya mbali imepata kazi.

*Chuo kimekataa tusitembezwe.* Kama hamkupiga simu kabla, pangeni siku nyingine. Kama mlipiga, na bado wanataka mlipe fomu kwanza ndipo muone hosteli, ondokeni. Kwenye daftari andikeni hivyo.

*Mzazi hawezi kuacha kazi au duka.* Mtume mjomba, dada mkubwa, au mzazi mwenzako ambaye naye ana mtoto wa kupeleka. Wazazi wawili wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu: mmoja awapeleke vijana wote Kasulu, mwingine awapeleke Tabora. Anayekwenda apewe daftari lenye maswali, si maelekezo ya mdomo.

*Tumeona vitatu na vyote vina kasoro.* Tenganisheni kasoro za kununulika na zisizonunulika. Chandarua, ndoo, godoro jembamba, hata chakula kibaya, hivyo pesa kidogo hurekebisha. Wakufunzi wasioingia darasani, kozi isiyo na kibali na hosteli isiyo na usalama hamwezi kuvirekebisha kutoka Kigoma. Chenye kasoro za aina ya pili kifuteni, hata kama ndicho cha bei nafuu. Kati ya vilivyobaki, kijana atangulize kimoja kwenye maombi, na vingine vifuate chini yake.